Nyuki Mlangoni kwa Kavoi

Mimi simtetei mtu kwa sababu ni rafiki yangu. Kavoi hata hakuwa rafiki yangu. Alikuwa jirani, mlango wake ukitazamana na wangu, na kati yetu kulikuwa na mtaro wa maji machafu na kamba ya kuanikia nguo. Lakini hii maneno ya nyuki nitaisema, na anayetaka kununa anune. Siku hizi ukipita Kabiro, hapa Kawangware, utaisikia ikisimuliwa na watu ambao wakati huo hata hawakuwa wamehamia hapa. Mimi nilikuwepo.

Jina langu ni Sella, lakini ploti hii nzima ya vyumba vya kupanga inaniita Mama Ian. Nauza mboga hapo langoni. Ukiuza mboga langoni unajua kila kitu: nani amenunua nyama na nani amenunua mfupa, nani amekosana na bwana yake, nani anapitisha mzigo akiwa ameufunika na leso. Huo si umbea. Kazi ya kukata sukuma inafanywa na mikono, macho yanabaki bila kazi.

Kavoi na mke wake Kamene walihamia kwetu wakitoka Laini Saba, kule Kibera kando ya reli, ambako Kavoi alikuwa amefundishwa kazi na fundi mmoja wa makamo. Kwao ni Kitui, huko Ukambani, upande wa Mwingi. Binti yao mdogo, Mutanu, alikuwa analelewa na nyanya yake huko nyumbani, ndiyo maana tulimwita Baba Mutanu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku ya spika, yale makubwa ya makanisa na ya vijana wa kupiga muziki kwa harusi. Alikuwa anakata mbao kwenye kibanda chake nje ya ukuta, halafu anakuja kuzimalizia mlangoni kwake, akiwa amekaa kwa kigoda.

Na alikuwa kimya. Haki, kwa ploti yetu mtu kimya ni kesi tayari. Ukiongea sana watakuita domo, lakini angalau wanajua uko wapi. Kavoi alikuwa anasema "habari za kutwa" na amemaliza. Hachezi drafti na wanaume, halewi, hagombani bombani. Watu walikuwa wanauliza, huyu anaficha nini?

Halafu kulikuwa na ile nta. Mafundi wengine wanaziba viungo vya sanduku kwa gluu ya dukani. Yeye alikuwa anatoka nyumbani na bonge la nta ya nyuki, jeusi, analiyeyusha kwenye mkebe, anapaka ndani ya pembe zote za sanduku. Alisema nta inazuia hewa kupenya, spika ikilia haikwaruzi. Lakini harufu ilikuwa inajaa ploti nzima, na kila mtu anakunja pua.

"Huyu Mkamba anachemsha nini?" Trizah, jirani yangu wa chapati, aliniuliza siku moja.

"Nta."

"Ya nini?"

"Ya sanduku, Trizah. Kwani hujaona masanduku?"

Akaniangalia tu kama mtu aliyefichwa jambo. Unajua Nairobi hii kila mtu amelelewa na hadithi ya Wakamba na dawa za uchawi, vile sisi watu wa Magharibi tumebandikwa hadithi ya kuku. Mimi kuku wa mtu akipotea hapa, hata akiwa ameliwa na paka, macho yote yanageuka kwa sufuria yangu. Kwa hivyo najua kushukiwa kunavyouma, na nilikuwa namwonea Kavoi huruma bila kumwambia.

Trizah ndiye alianzisha yote. Ni msichana wa jana tu, mwenye mdomo na mikono ya kazi, anapika chapati kando yangu langoni. Siku moja asubuhi alienda kuoga, akaacha mtungi wake wa gesi mlangoni. Kurudi, mtungi hakuna. Alilia mpaka nikalia na yeye, kwa sababu bila gesi hakuna chapati, na bila chapati Trizah hana kitu kingine duniani.

Tuliuliza kila mlango. Hakuna aliyeona. Murunga, keateka wetu, yule anayesimamia ploti kwa niaba ya mwenyewe, alitembea na sisi akigonga milango na kufoka, "Mwizi nikimpata nitamtoa meno!" Wiki ikapita. Ndipo Trizah akasimama bombani asubuhi, watu wote wamepanga ndoo, akasema kwa sauti:

"Sitaki kelele tena na sitaki polisi. Nimeongea na mtu wa Kitui. Amechukua jina la ploti. Mwenye mtungi wangu aurudishe mapema, la sivyo atakuja kula nyasi hapa mbele ya watoto wake."

Woi! Bombani ndoo zikajaa, maji yanamwagika tu. Kila mtu hapa amewahi kuona kwenye simu zile picha za mwizi amefunikwa na nyuki mikono yote, anatafuna nyasi, na umati unamzunguka. Hakuna mtu wa mtaani asiyejua nyuki wakitua kwako maana yake ni nini. Ni kwamba umeiba, na mwenye mali ameenda Kitui kwa mganga.

Tulipobaki wawili langoni Trizah akaniinamia sikioni. "Mama Ian, nimedanganya. Hata huyo mtu simjui. Kitui yenyewe sijawahi kufika."

Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Nilimwambia amefanya vizuri, wacha mwizi atokwe na jasho. Kwa hivyo elewa vizuri hapo: mimi nilijua kutoka siku ya kwanza kwamba hakuna mtu yeyote aliyetumwa kitu chochote.

Wacha nikwambie, hizo siku zilizofuata tuliishi vibaya. Jirani akiamkia jirani, anamwangalia mikono. Oluoch wa bodaboda alipata upele shingoni, watu wakaanza kuhesabia, huyo ameanza. Kamene alikuja kununua nyanya akaniuliza polepole kama ni kweli Trizah ameenda kwao. Nikamwambia atulie. Wengine walikuwa wanauliza maswali ambayo mtu msafi hana haja nayo. Murunga, kwa mfano, alipita langoni akauliza, "Huyo mtu wa Kitui ni wa upande gani?" Kesho yake akarudi kuuliza tena kama ni mzee au kijana. Mimi nilimwangalia nikaendelea kukata sukuma.

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwezi huo, hata ile miti michache ya mtaa wa Satellite ilikuwa imejaa maua. Jumamosi asubuhi, jua limetoka, Kamene anafua nguo, mimi nimeingia ndani kuchukua kisu, nikasikia mvumo. Nilidhani ni mashine ya Kavoi ya kupiga randa. Nikatoka. Hewa juu ya paa za mabati ilikuwa imejaa vitu vyeusi vinavyozunguka, halafu vikaanza kushuka, vikashuka, vikatua kwenye sanduku jipya la spika lililokuwa limesimama mlangoni kwa Kavoi. Nyuki! Walining'inia kwenye lile tundu la mbele ambalo spika ilikuwa bado haijawekwa, bumba zima, na wengine wanaingia ndani kama watu wanaohamia nyumba.

Mayi wee! Kamene aliacha beseni akakimbia kwangu. Watoto wakaingizwa ndani. Halafu mtu mmoja, simjui ni nani, akasema lile neno.

"Kumbe ni yeye."

Basi. Likatoka mdomo huu likaingia ule. Nikiwa bado nimeshika kisu changu, watu wa ploti walikuwa wamejaa upande wa bomba, na wa ploti jirani wanaingia langoni, na simu zimeinuliwa juu kupiga picha. "Ni huyo Mkamba! Mtungi ni yeye!" "Si mimi nilisema, kimya yote hiyo!" Kijana mmoja ambaye hata haishi kwetu aliuliza kama kuna tairi. Umati wa Kawangware ukishauliza tairi, hakuna mtu anakumbuka baadaye ni nani aliyeliomba.

Kavoi alitoka kibandani akifuta mavumbi ya mbao usoni. Akaona watu, halafu akaona sanduku. Na unajua alifanya nini? Alitabasamu! Sijawahi kuona meno ya huyo mtu tangu ahamie, na siku hiyo, mbele ya watu wanaotaka kumchoma, akayatoa yote.

"Wamekuja wenyewe," akasema, na kusema ukweli sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto. "Mama Mutanu, umeona? Wamekuja!"

"Mnasikia?" Murunga akapiga kelele. "Anasema wamekuja! Anajua walikuwa wanakuja!"

Murunga alikuwa amefika na mfuko wa miwa iliyomenywa, ile ya kuuzwa barabarani, anatafuna na kutema, maji ya muwa yanamtiririka mpaka kwa viwiko. Alikuwa amechangamka kuliko watu wote. Akaamuru nyumba ya Kavoi ipekuliwe.

Nikamshika Trizah mkono, nikamvuta pembeni. "Sema sasa. Waambie ulidanganya."

"Ngoja kidogo, Mama Ian."

"Ningoje nini? Watamuua!"

Macho yake hayakutoka kwa lile bumba. "Na kama Mungu alinisikia tu? Mimi nilidanganya, lakini kama ni kweli?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nikapanda juu ya jiwe la kufulia nikapaaza sauti mimi mwenyewe: "Nyinyi watu! Hakuna mtu alienda Kitui! Trizah alitisha tu! Hao ni nyuki wa kawaida, wamefuata nta!" Unafikiri walisikia? Mwanamke mmoja wa nyuma aliniuliza nimepewa nini na Kavoi, na mwingine akasema watu wa kuku wanateteana na watu wa dawa. Haya, na hao ndio huwa wananikopa mboga.

Nyumba ikapekuliwa. Kamene mwenyewe ndiye alitoa vitu, kwa sababu wanaume waliogopa kupita karibu na sanduku. Alitoa godoro, akatoa sufuria, akatoa sanduku la nguo akalifungua mbele ya watu, nguo zake za ndani zikaonekana. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mtungi waliopata ni ule wao mdogo, wa rangi tofauti kabisa, na Trizah akasema si wake. Nikafikiri yameisha.

"Ameshauza!" wakasema. Unaona hapo? Wakiupata ni mwizi, wasipoupata ni mwizi mjanja.

Ndipo Murunga akaleta mti uliofungwa kitambaa na chupa ya mafuta taa. "Haya, Baba Mutanu. Kama hawa nyuki si wako na hawajakufuata, wacha tuwachome tumalize. Ukikataa, tutajua."

Kamene alipiga magoti. "Baba Mutanu, wachomwe. Tafadhali. Ni wadudu tu."

Kavoi alisimama mbele ya sanduku, nyuki wanatembea kwenye mabega yake, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akiongea maneno mengi.

"Baba yangu alikuwa na mizinga," alisema. "Alichonga mwenyewe, akaitundika kwenye miti, tukawa tunaishi na hiyo asali. Kiangazi kikaja, nyuki wakaondoka wote. Alipaka nta mpya, akafukiza moshi, akangoja mpaka akafa akiwa anaangalia mizinga mitupu. Mimi nikaja Nairobi. Kwetu nyuki wakija kwako, majirani wanakuja kukupa mkono, wanasema nyumba yako ni safi. Leo wamenijia hapa kwa mabati, na nyinyi mnataka niwachome ili mjue mimi si mwizi. Sitawachoma. Mnipeleke mnakotaka kunipeleka."

Kuna watu walioinamisha macho. Lakini kuna wengine ambao maneno hayo yalikuwa mafuta ya taa kabisa, wakasema si mnamsikia akikiri kwamba nyuki ni wa baba yake. Yule kijana wa tairi alikuwa amesogea mbele. Nilimshika Kavoi mkono wa shati, sijui nilitaka kumvuta wapi, na niliogopa vile sijawahi kuogopa.

Murunga akawasha kile kitambaa, akaja. Hatua moja, mbili, moto mkono wa kulia. Nyuki mmoja akaruka kutoka kwa sanduku, akatua juu ya mkono wake wa kushoto, ule uliojaa maji ya miwa. Akaja mwingine. Akaja wa tatu, wakaanza kutembea pale kwa vidole wakinyonya ile sukari. Sasa nikuulize, nyuki gani atakataa miwa? Hata mimi ningetua. Lakini Murunga aliangalia ule mkono, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Mti ulianguka ukazimika kwa mtaro.

"Nitasema!" akalia. "Niondoleeni! Kabla sijala nyasi, nitasema! Mtungi uko Satellite, uko kwa Kageha!"

Hakuna mtu alijua huyo mwanamke Kageha ni nani. Asiyepaswa kujua hata kidogo alikuwa mke wa Murunga, na alikuwa amesimama pale pale nyuma ya bomba, amebeba mtoto. Akauliza kwa upole, "Kageha gani, Baba Brenda?" Halafu akavua kandambili. Wengine wote tulipisha.

Mtungi uliletwa kabla ya saa sita, umefungwa nyuma ya pikipiki ya Oluoch. Trizah aliukumbatia akilia. Umati ukacheka, ukapiga makofi, ukatawanyika. Na sasa nakwambia kitu kilichonikasirisha kuliko tairi lenyewe: hakuna hata mmoja aliyemwendea Kavoi kumwambia pole. Hata mmoja! Walimpita kwa mbali, wakitembea kando ya ukuta. Alianza kurudisha godoro lake ndani peke yake, nikaenda nikashika upande wa pili.

Nilifikiri ni aibu, na aibu huisha. Kumbe ni hesabu nyingine walikuwa wanapiga. Jioni hiyo hiyo nikiwa langoni nikaisikia. Nyuki hawakuwa wamemfuata Kavoi, walikuwa wake. Walikaa kwa mwenyewe, wakangoja mwizi akaribie, wakamshika. Yeye ndiye yule mtu wa Kitui! Trizah hakuhitaji kusafiri, alivuka tu mtaro. Na wote wakasema "aaa", vile mtu anasema akipata jibu la hesabu.

Trizah alienda bombani akasema wazi kwamba alidanganya, hakuongea na Kavoi wala na mtu yeyote. Wakamwambia wanaelewa, amekatazwa kutaja. Nikawaambia habari ya miwa. Wakaniuliza kama miwa huwa inajua majina ya wezi.

Kavoi aliziba lile tundu kwa wavu, akapakia sanduku na nyuki wake kwenye lori la mtu wa kwao lililokuwa limeleta ndengu, akawapeleka Mwingi. Alidhani wakienda, maneno yataenda nao. Haikuwa hivyo. Mwanamke alikuja kutoka Riruta kumwomba amrudishie bwana. Mwingine alipoteza simu, akaleta picha ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Kavoi aliwafukuza wote, na kadiri alivyowafukuza ndivyo walivyomwamini. Kanisa lililokuwa limeagiza lile sanduku na mengine mapya likatuma ujumbe kwamba halitaki tena, wazee wamekaa wakaonelea si vizuri. Vijana wa harusi nao wakaanza kupita kibanda chake kama hawakioni.

Kamene alikuja kukaa kwangu siku moja, ndoo yake imejaa maji, na hata jua halijapanda.

"Leo umewahi," nikamwambia.

"Sikuwahi. Wananipisha foleni, Mama Ian. Nikifika tu wanasogeza ndoo zao. Wananiita mama." Alikuwa mdogo kuliko hao wote. "Mimi sitaki kupishwa. Nataka waniambie nipange mstari kama mtu."

Nilikasirika siku hiyo mpaka nikakataa kuuzia watu mboga. Niliwaambia ukweli wao mmoja mmoja. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini uchawi, na nilisema hivyo kwa sauti ili hata Kavoi asikie kibandani kwake. Na alisikia.

Ilipita miezi. Kavoi akaenda nyumbani, akarudi, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu na chupa kubwa imefungwa kwa gazeti. Akalifungua gazeti. Ilikuwa asali, nyekundu nzito, kifuniko kimezungushiwa karatasi na uzi.

"Ya wale wale," akasema. "Wamekubali kukaa. Mama amerina, akasema ya kwanza nimpe mtu wangu wa huku. Ni wewe peke yako uliyesimama siku ile, Mama Ian."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nilishukuru sana, nikamwita jina lake, nikamwambia amsalimie mama. Nikaiweka juu ya kabati la televisheni, mahali mgeni akiingia anaiona.

Nilisema nitaila kesho na chai. Kesho yake kulikuwa na mkate lakini nilikuwa na haraka. Jumapili nikasema nitasubiri Ian aje kutoka kazini. Ian akaja, akanyoosha mkono, nikajikuta nimeushika. "Wacha kwanza," nikamwambia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia meno yake ni mabovu.

Halafu Kavoi akasimama mlangoni kwangu jioni moja kuomba kiberiti. Pazia lilikuwa limefunguliwa.

"Asali ilikuwaje?"

"Tamu, Baba Mutanu! Hata imebaki kidogo tu. Huyu Ian ataimaliza na mkate."

Aliangalia juu ya bega langu, na mimi sikuhitaji kugeuka. Chupa ilikuwa pale juu ya kabati, imejaa mpaka shingoni, na ule uzi wa mama yake bado haujakatwa. Aliiangalia polepole, halafu akaniangalia mimi. Sikuona hasira. Afadhali angekasirika.

"Sawa," akasema. "Nikienda tena nitakuletea nyingine."

Akachukua kiberiti, akashukuru, akavuka mtaro. Mwisho wa mwezi walihama, yeye na Kamene, na hakuna aliyesema walikokwenda. Mimi pia hawakuniambia.

Sasa kwa chumba chake kuna mtu wa kushona viatu, mtu wa maneno mengi, tunaelewana. Akiniuliza habari ya nyuki namwambia kila kitu: walikuwa nyuki wa kawaida, walifuata nta, Murunga alikuwa na miwa mkononi, na Trizah alidanganya. Namwambia na ninaapa, kwa sababu ni ukweli. Na kila Jumamosi nikipanguza vumbi naiinua ile chupa, napanguza chini yake, nairudisha mahali pake.